Nimeachishwa jeshi la Marekani kisa inhela ya zamani, rufaa inaanzia wapi?

Kuruta_WikiYaSita:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana tangu nirudishwe silali. Nilikuwa mafunzo ya awali jeshi la Marekani (tawi sitalitaja), wiki ya sita, naendelea vizuri tu, mbio nazimaliza, shabaha nimefaulu. Siku moja naitwa kliniki, daktari anageuza skrini ya kompyuta ananiuliza hii ni nini. Naangalia, ni inhela (kile kichupa cha kuvuta dawa kwa mdomo) niliyoandikiwa nikiwa na miaka 15, kifua kilinibana wiki mbili nikapewa, nikavuta siku nne hivi nikapona, yenyewe ikabaki kwenye droo mpaka ikaisha muda. Sijawahi kuambiwa na daktari yeyote kwamba nina pumu, SIJAWAHI.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio, nikapewa barua, nikasaini, siku chache niko nje. Sasa kwenye DD 214, ile karatasi ya kuachishwa jeshi, sababu imeandikwa kujiunga kwa udanganyifu. Hilo neno linaniumiza kuliko kutolewa kwenyewe. Kila ninapoomba kazi wanataka hiyo karatasi, na mimi si mwongo. Je naweza kukata rufaa, na wapi, na nina muda gani?

Mzee wa Makaratasi:
Pole sana mdogo wangu. Rufaa ipo na muda unao, tulia kwanza.

Mlango wa kwanza ni bodi ya kupitia upya kuachishwa, wenyewe wanaiita DRB, kila tawi lina yake. Unajaza fomu DD 293, una miaka 15 tangu siku uliyotolewa. Mlango wa pili ni bodi ya kurekebisha kumbukumbu za kijeshi, fomu DD 149, hiyo wanahesabu miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ingawa wanaweza kukusamehe ukichelewa wakiona haki inadai hivyo. Wewe anza na ya kwanza, maana hata ukikimbilia ya pili watakuuliza kwa nini hujapita ya kwanza.

Halafu usiombe kila kitu kwa mpigo. Soma vizuri DD 214 yako, aina ya kuachishwa ni nini? Kama ni ile isiyo na daraja, wanayowapa waliotoka mapema kwenye mafunzo, hiyo SI kufukuzwa kwa aibu, kufukuzwa kwa aibu kunatoka mahakama ya kijeshi tu na wewe hukufika huko. Watu wengi wanachanganya hapo wanajiumiza bure. Unachopigania ni kisanduku cha 28, sababu ya kuachishwa, pamoja na misimbo (code) inayoendana nacho kisanduku cha 26 na 27, ule wa 27 ndio unaosema kama unaweza kurudi jeshini au la.

Kuruta_WikiYaSita:
Shukrani mzee. Ndiyo, imeandikwa haina daraja. Nilidhani ndiyo aibu yenyewe kumbe.

DadaTabibu:
Mdogo wangu nitakuuliza kitu na unijibu ukweli maana bodi watakuuliza hichohicho. Ile fomu ya historia ya afya, DD 2807-1, ina orodha ndefu ya ndiyo na hapana. Wanauliza pumu, na karibu kabisa na hapo wanauliza kama umewahi kuandikiwa au kutumia inhela. Hawaulizi pumu peke yake. Uliweka wapi?

Kuruta_WikiYaSita:
Dada niliweka hapana. Zote mbili. Lakini nisikilizeni, kabla ya kujaza nilimtumia meseji yule sajini aliyekuwa ananiandikisha, nikamwambia nilipewa inhela nikiwa na 15, je niandike? Akanijibu kama hukuambiwa una pumu weka hapana usijichanganye. Mimi nikaamini, yeye ndiye anajua kazi. Meseji ninazo mpaka leo, simu ileile.

Mzee wa Makaratasi:
Hapo sasa ndipo kesi yako ilipo, na inakata pande mbili, nakwambia mapema. Ukitoa hizo meseji umekubali kwamba inhela uliikumbuka, huwezi tena kusema nilisahau. Lakini zinaonyesha hukuficha, ulimwambia mtu wa jeshi mwenyewe kabla ya kusaini. Udanganyifu kwenye kanuni zao si kukosea jibu tu, ni kupotosha au kuficha KWA MAKUSUDI jambo ambalo wangelijua huenda wasingekuchukua. Kuna aina nyingine kabisa, kuandikishwa kimakosa, pale ambapo hukustahili kuingia ila hapakuwa na udanganyifu upande wako. Umbali kati ya hizo mbili ni nia. Basi barua yako yote izunguke nia, usijaze kurasa tatu za jinsi ulivyokuwa unakimbia vizuri.

Mimi ningezitoa meseji, na ningesema wazi niliweka hapana kwenye swali la inhela na hii ndiyo sababu. Ukijificha nyuma ya "sikuelewa swali" wakati meseji inaonyesha ulielewa, umekwisha. Kumbuka pia bodi inaanza kwa kuamini kwamba jeshi lilifuata utaratibu, wewe ndiye wa kuthibitisha kinyume.

DadaTabibu:
Naunga mkono mzee. Upande wa tiba: kanuni yao inahesabu pumu, na hali zinazofanana nayo kama mkamba wenye kubana pumzi, kama ilikuwepo baada ya kutimiza miaka 13. Wewe ulikuwa 15 kwa hiyo swali linakuwa ilikuwa nini hasa. Nenda hospitali ile uliyotibiwa uombe faili LOTE la siku ile, siyo orodha ya dawa. Walichoona kwenye kompyuta yawezekana ni jina la dawa tu, mfumo wao wa Genesis ulioanza kutumika kwenye vituo vya kupima makuruta mwaka 2022 unavuta kumbukumbu za hospitali za kiraia, na dawa bila maelezo ya daktari inaonekana kama pumu. Kama daktari aliandika ni maambukizi ya kifua, hiyo karatasi ni dhahabu.

Kisha tafuta daktari bingwa wa mapafu akupime kupumua, ikiwezekana na kile kipimo cha kuvuta methakolini kuona kama njia za hewa zinabana, aandike barua akiwa amesoma faili la zamani. Barua ya "mgonjwa ni mzima" haina uzito.

Sajini Mstaafu:
Naongezea kidogo. Kabla ya kujaza chochote omba faili lako la jeshi kwa fomu SF 180. Humo utakuta ile barua ya kukuarifu kwamba wanakutoa. Uliisoma? Kuna sehemu unachagua kuonana na wakili wa jeshi na kuandika maelezo yako.

Na jambo hili wengi hawalijui: DRB unaweza kuomba wapitie karatasi tu, au ufike mbele yao uongee. Anza na karatasi. Wakikataa bado unaweza kuomba kusikilizwa ukiwa ndani ya ile miaka 15, ila ukianza na kusikilizwa nafasi ya karatasi huipati tena. Jopo ni watu wasiopungua watatu, wengi wakikubali inapita.

Mwongozo wa Pentagon (wizara yao ya ulinzi) wa 2014 na 2017 watu wanauzungumza sana lakini ule ni wa PTSD (athari za kiwewe) na afya ya akili, usiuchomeke kwako. Wa Julai 2018 wa haki na huruma, huo unaweza kuutaja. Na usilipe wakili kwanza, American Legion, chama cha maveterani, wanasaidia bure, na vyuo vya sheria kadhaa vina kliniki za maveterani.

Kuruta_WikiYaSita:
Sajini umenikumbusha kitu nimetoka sasa hivi kukitafuta kwenye begi. Barua ninayo nakala. Sehemu ya wakili nimeweka tiki "sitaki", maelezo "sitaki", saini yangu hapo chini. Nakumbuka tulikuwa wanne kwenye benchi, tukaambiwa ukitaka wakili utakaa wiki nyingi zaidi ukisubiri, na mimi nilikuwa nataka kuongea na mama yangu tu. Hii inaniharibia?

Sajini Mstaafu:
Haikufungii mlango mdogo wangu, wengi wana tiki hiyohiyo. Andika hayo ya benchi kama ulivyoyaandika hapa, wanne, mliambiwa nini na nani kwa cheo chake, tarehe. Kama mmoja wa wale watatu unampata akuandikie maelezo ya kiapo, mtafute leo, watu wanabadilisha namba.

Kuruta_WikiYaSita:
Mmoja ninaye WhatsApp. Nampigia sasa hivi. Kesho asubuhi naenda hospitali kuomba faili, halafu SF 180. Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki, nitarudi kuwaambia faili linasemaje.

DadaTabibu:
Zile meseji piga skrinishoti na tarehe zionekane, tuma kwenye barua pepe yako usiku huu. Simu inaanguka.