Naombeni ushauri: nadharia nimezijaza, alama hazijaja

Mwanagenzi:
Habari za humu, wakubwa kwa wadogo. Nasoma masomo ya vyombo vya habari. Nimerudishiwa karatasi ya mtihani wa majaribio, na swali nililoamini nimelimaliza nimepata 11 kati ya 25. Mtihani wenyewe umebakiza wiki sita.

Swali: "Ni kwa kiasi gani hadhira ndiyo huamua maana ya habari?" Tulipewa ukurasa wa mbele wa gazeti: kijana kwenye maandamano, ngumi juu, moshi nyuma yake, na kichwa cha habari chekundu, VURUGU. Nikaanza na Stuart Hall, mwanazuoni wa utamaduni na vyombo vya habari: mwaka 1973 alieleza jinsi mtayarishaji anavyofumba ujumbe na hadhira inavyoufumbua, kwa kuukubali, kuukubali nusunusu au kuukataa. Nikaja kwa McCombs na Shaw, watafiti wa jinsi vyombo vya habari vinavyotuchagulia mambo ya kuyaona mazito, kisha Blumler na Katz, wanaoeleza watu wanatafuta nini kwenye vyombo hivyo. Kurasa tatu na nusu. Pembeni msahihishaji kaandika neno lilelile mara nne: "Kwa hiyo?"

Jana usiku nimeyasoma upya majibu yangu, nikaumia. Picha nimeigusa kwa sentensi moja tu, "picha inaonyesha vurugu". Yaani nimerudia maneno ya gazeti! Sasa niongeze nadharia au nipunguze?

Kalamu Nyeusi:
Pole sana mdogo wangu. Punguza. Nimesahihisha karatasi za somo hili, na kosa hili nalikuta kwa wanafunzi wanaosoma kwa bidii hasa.

Anza na unachokiona. Neno VURUGU limekaa juu ya ngumi, kwa hiyo ngumi inasomeka kama shambulio kabla msomaji hajafika kwenye habari yenyewe. Lifunike neno hilo kwa kidole uitazame picha tena: ngumi ileile inaweza kuwa ushindi, hasira, hata salamu. Roland Barthes, mwanazuoni Mfaransa wa ishara na maana, alisema maneno huitia picha nanga, isielee kwenye maana nyingine. Hapo ndipo umlete Hall: aliyekuwemo kwenye maandamano anaijua ngumi ile, na neno la mhariri atalikataa. Ukifika hapo, "kwa hiyo?" imeshajibiwa.

Dada Mhariri:
Naunga mkono, ila McCombs na Shaw usiwatupe. Kwenye uchaguzi wa Marekani wa 1968 waliwahoji wapigakura 100 wa Chapel Hill ambao hawajaamua wampigie nani, wakakuta mambo waliyoyaona mazito yanalingana sana na yale yaliyopewa uzito na vyombo vya habari. Kwako hiyo ni dhahabu, kwa sababu swali linataka kipimo. Msomaji anaweza kuikataa maana ya mhariri, lakini anabishana juu ya jambo ambalo mhariri amelichagua. Hicho ndicho "kiasi gani" chako.

Blumler na Katz ndio wa kuwaacha hapa. Wao wanaeleza kwa nini watu huchagua chombo fulani. Ukitaka kuwatumia, itabidi kwanza uonyeshe wanahusianaje na maana.

Mwanagenzi:
Asanteni mno. Nimeandika upya aya ya kwanza, naomba mnikosoe bila huruma:

"Neno VURUGU, jekundu na kubwa kuliko uso wa kijana, linaifanya ngumi yake ionekane shambulio. Msomaji aliyeshiriki maandamano anaweza kuikataa maana hiyo, kama anavyoeleza Hall. Hata hivyo, anayeikataa bado anajadili ngumi, wala si madai ya waandamanaji, maana madai hayo hayamo kwenye ukurasa. Hadhira huamua maana kwa kiasi kikubwa, ila ndani ya mipaka iliyochorwa na mhariri."

Kalamu Nyeusi:
"Madai hayo hayamo kwenye ukurasa": hilo hujalitoa kwenye daftari, umeliona mwenyewe. Safi sana. Sentensi ya mwisho ndiyo jibu lako, ipandishe iwe ya kwanza. Kisha chukua ukurasa mwingine wa gazeti, weka saa mbele yako, uandike tena.