Kikundi cha ukoo: 1.7 ya Zawadi

*Zawadi, 19:02*
Shikamooni wote. Matokeo ya muhula yametoka. Nimepata 1.7 🙏

*Mama Zawadi, 19:03*
Moja nukta saba?

*Mama Zawadi, 19:03*
Mwanangu uliumwa ukanificha?

*Mjomba Hamisi, 19:05*
Pole sana mpwa wangu. Usikate tamaa. Mimi nilishika sapu mbili, mitihani ya kurudia, mwaka wa kwanza na leo natembea barabarani kama watu wengine.

*Babu, 19:09*
Marahaba Zawadi. Hiyo moja nukta saba ni nafasi ya darasani? Kama ni nafasi basi umekuwa wa kwanza na kidogo. Ni mimi Babu.

*Zawadi, 19:10*
Jamani subirini 😂😂 Huku Ujerumani ngazi imepinduliwa. 1.0 ndiyo ya juu kabisa. 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. 5.0 umefeli. Hii 1.7 inaitwa "gut", yaani vizuri!

*Mama Zawadi, 19:11*
Sasa si ungeanza na hilo! Nimekaa chini bila kiti kuwepo.

*Idi, 19:12*
Hongera dada. Kwa hiyo mwenye GPA (wastani wa alama) ya 4.0 akifika huko anaonekana kaponea chupuchupu?

*Zawadi, 19:12*
Ukiandika 4.0 bila maelezo, ndiyo. Mtu wa ofisini atakuangalia kwa huruma.

*Salma, 19:15*
Hongera Zawadi. Mimi nina 68 na nimelia tangu asubuhi.

*Babu, 19:18*
Salma, 68 kwa mia si mbaya. Unalilia nini? Ni mimi Babu.

*Salma, 19:19*
Shikamoo Babu. Uingereza daraja la kwanza linaanzia 70. Mimi niko 60 hadi 69, daraja la pili la juu. Maksi 2 tu Babu. Mbili!

*Mjomba Hamisi, 19:20*
Ngoja. Kama 70 ni daraja la kwanza, zile 30 zilizobaki juu ni za nani?

*Salma, 19:21*
Za mapambo. Kwenye insha mtu akipata 75 tunamtazama kama karudi mwezini.

*Kassim, 19:22*
Huku Marekani ukileta 70 ni C, unaificha. A watu wanaihesabu kuanzia 90 na kitu. Ila maswali nayo yametengenezwa yafike huko. Kuna kozi nusu ya maksi ni kazi za nyumbani na mahudhurio.

*Mwanaidi, 19:24*
Njooni Ufaransa muone. Ni kwa 20, ya kufaulu 10. Nimepata 13 na profesa kanipa mkono. Wana msemo wao: 20 ni ya Mungu, 19 ya mwalimu, mwanafunzi ashukuru kwa kitakachobaki.

*Kassim, 19:25*
Mnasema Ufaransa? Denmark kuna hasi. Ngazi yao ni -3, 00, 02, 4, 7, 10, 12. Unafaulu kuanzia 02.

*Mjomba Hamisi, 19:26*
Hasi tatu! Yaani unaingia kwenye mtihani na unatoka unadaiwa??

*Mjomba Hamisi, 19:26*
Na nyie Marekani, Kassim, mnijibu kitu kimoja kinanisumbua tangu zamani. A, B, C, D halafu F. E mmeiuza wapi?

*Shangazi Rehema, 19:31*
Hiyo naijua mimi. Chuo cha wanawake cha Mount Holyoke mwaka 1897 kilikuwa na A mpaka E, na E ndiyo ya kufeli. Mwaka uliofuata wakaongeza ngazi, E ikawa ya kufaulu kwa tabu, F ikawa ya kufeli. Baadaye vyuo vingi vikaiacha E ikadondoka, F ikabaki peke yake pale chini.

*Mjomba Hamisi, 19:32*
Maskini E. Hata haikufeli.

*Salma, 19:40*
Zawadi, nina swali la kweli. Nataka kuomba shahada ya uzamili huko kwenu. Fomu inasema matokeo yatabadilishwa kwa kanuni fulani. Unaijua?

*Zawadi, 19:43*
Kanuni ya Bavaria. Chukua alama ya juu kabisa ya ngazi yako, toa yako. Pembeni, chukua ya juu kabisa, toa ya kufaulia. Gawa ya kwanza kwa ya pili. Zidisha kwa 3, ongeza 1. Basi.

*Salma, 19:47*
100 toa 68 ni 32. 100 toa 40 ya kufaulia ni 60. 32 gawa kwa 60 zidisha kwa 3 ni 1.6. Ongeza 1...

*Salma, 19:47*
2.6???

*Mwanaidi, 19:49*
Yangu 3.1. Na mkono wa profesa nilipewa. Nimrudishie?

*Idi, 19:51*
Ngoja na mimi. GPA yangu 4.0 kwa 5, ya kufaulia 2.0. 5 toa 4 ni 1. 5 toa 2 ni 3. Moja ya tatu mara 3 ni 1, ongeza 1.

*Idi, 19:51*
2.0 😎

*Idi, 19:52*
Dada Salma, ukihitaji mtu wa kukupigia msuli niambie.

*Salma, 19:53*
Idi! Wewe ulitoka na daraja gani?

*Idi, 19:53*
La pili la juu.

*Salma, 19:54*
NA MIMI LA PILI LA JUU! Jina lile lile! Mfumo wenyewe mliurithi kutoka huku! Wewe 2.0, mimi 2.6, kwa hesabu gani?

*Shangazi Rehema, 20:02*
Salma mwanangu, hesabu iko sawa. Shida ni kwamba kanuni inaamini 100 ni ngazi ambayo mtu hupanda. Wasahihishaji wenu hawafiki huko, basi zile 30 za mapambo zote umekatwa wewe. Mwanaidi naye kakatwa kwa ile 20 ya Mungu. Idi kapona kwa sababu kwao mtu wa 4.8 au 4.9 unaweza kukutana naye.

*Shangazi Rehema, 20:03*
Mimi nasahihisha pepa, nakwambia ukweli wetu: tunajua mapema darasa litakaa wapi. Mwalimu aliyelelewa kwenye 65 hatoi 90 hata umwandikie dhahabu. Mkono hauendi.

*Babu, 20:06*
Sasa kama namba hazilingani, chuo kinamjuaje mwanafunzi mzuri? Ni mimi Babu.

*Shangazi Rehema, 20:10*
Kwa kuangalia amesimama wapi kati ya wenzake, baba. Ulaya waliwahi kuweka mgawanyo: kati ya waliofaulu, asilimia 10 ya juu A, 25 wanaofuata B, 30 C, 25 D, 10 za mwisho E. Siku hizi wanapendelea chuo kitoe jedwali linaloonyesha ni wangapi hupata kila alama. Salma, kaombe jedwali hilo kwenye ofisi ya kitivo. Kama waliokuzidi ni wachache, 68 itajisemea yenyewe.

*Salma, 20:11*
Kesho asubuhi nipo mlangoni kwao.

*Juma, 20:30*
Jamani simu inatetema mpaka meza inahama. Nina pepa kesho saa mbili asubuhi na mada tano sijazigusa. Naombeni mnyamaze.

*Mama Zawadi, 20:31*
Si uzime sauti baba?

*Juma, 20:31*
Nikizima nitaanza kusoma.

*Juma, 20:33*
Nimesoma desa hili mara nne. Kila ukurasa naujua. Nikifunga daftari, kichwa cheupe. Tumbo linavuruga. Nikishika sapu hii nyingine nitadisko, naondolewa chuo.

*Zawadi, 20:35*
Pole mdogo wangu. Angalau hapo kwenu ukidisko unaweza kuomba chuo kingine. Huku kwa kawaida unapewa nafasi tatu kwa mtihani, na ukifeli ya tatu kozi hiyo huisomi tena chuo chochote cha serikali nchi nzi

*Mama Zawadi, 20:35*
ZAWADI. Mtoto ana pepa!

*Zawadi, 20:36*
Samahani. Basi nikupe nzuri. Mwenzangu wa chumba ni Mwitaliano. Kwao ni kwa 30, unafaulia 18, mitihani mingi ni ya mdomo. Profesa anakutajia alama hapo hapo, na kama huipendi unaikataa, unakuja kurudia awamu nyingine. Yeye alikataa 23 kwa heshima zote.

*Juma, 20:37*
Nihamisheni Italia usiku huu.

*Shangazi Rehema, 20:41*
Juma, acha kusoma mara ya tano. Ukurasa unaufahamu sura, kama jirani usiyemjua jina. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika mada moja yote unayokumbuka. Kisha fungua uone mapengo. Watafiti Roediger na Karpicke walijaribu hili mwaka 2006: wanafunzi waliosoma tu tena na tena walishinda walipopimwa baada ya dakika 5. Baada ya siku 2, na baada ya wiki, walioshinda ni wale waliojikumbusha bila kutazama.

*Juma, 20:42*
Kwa hiyo nikisoma dakika 5 kabla ya mlango kufunguliwa nimeshinda?

*Shangazi Rehema, 20:42*
Pepa ni ya dakika ngapi?

*Juma, 20:43*
Saa tatu.

*Shangazi Rehema, 20:43*
Haya.

*Juma, 20:44*
Haya shangazi.

*Shangazi Rehema, 20:46*
Mada tatu kati ya hizo tano, zile zenye maswali mengi. Saa tano usiku unalala. Kukesha utakuwa unayafuta uliyoyaandika.

*Mjomba Hamisi, 20:47*
Mimi nilikesha zile mbili. Nimeshasema matokeo yake.

*Juma, 22:58*
Nimeandika mada tatu. Ya kwanza ilikuwa mistari sita, aibu. Ya tatu nimejaza karatasi mbele na nyuma. Tumbo bado. Nalala.

*Mama Zawadi, 22:59*
Mungu akusimamie baba.

*Juma, 11:26*
Nimetoka. Swali la nne ni ile karatasi ya jana, mbele na nyuma. Swali la pili sijui walilitoa sayari gani.

*Salma, 11:30*
Hongera! Na mimi jedwali ninalo. Kwenye kozi yangu waliofika 70 ni 9 kati ya 84. Nimeambatisha kwenye maombi.

*Shangazi Rehema, 11:31*
Hiyo ndiyo namba yako sasa, siyo ile 2.6.

*Babu, 11:52*
Juma umepata ngapi? Ni mimi Babu.

*Juma, 11:53*
Bado hawajasahihisha Babu 😅

*Babu, 12:04*
Wakisahihisha, kuanzia leo kila mjukuu akileta maksi aandike kama sehemu. Juu yako, chini ile kubwa kuliko zote. Salma 68 juu ya 100. Mwanaidi 13 juu ya 20. Idi 4 juu ya 5. Ni mimi Babu.

*Kassim, 12:05*
Na Zawadi, Babu?

*Babu, 12:15*
Zawadi ni moja nukta saba juu ya moja. Nimepiga hesabu mara mbili kwa kalamu. Huyu amezidisha. Hongera sana mjukuu wangu. Ni mimi Babu.