Naomba ushauri: nitolewe faibroidi (uvimbe wa kizazi) tu au kizazi chote?

Hamjambo akina mama. Nina miaka 38, naishi Umoja, Nairobi, mtoto ni mmoja. Hedhi yangu sasa inafika siku 9, tena kwa mabonge. Juzi nilisimama kwenye matatu hadi mjini nikiogopa kuchafua kiti. Altrasaundi imeonyesha faibroidi 3, kubwa ina sentimita 7, na kiwango cha damu (hemoglobini) kimeshuka hadi 8. Daktari wa kwanza alisema toa kizazi, akaita mgonjwa mwingine. Wa pili anasema uvimbe waweza kutolewa kizazi kibaki, ila huenda ukaota tena. Najua faibroidi husinyaa hedhi ikikoma kabisa, lakini huko ni mbali! (Mama mkwe kaleta chupa ya mitishamba, iko kabatini.) Bado natamani mtoto wa pili. Mliobakishiwa kizazi, mlikaa muda gani kabla ya kushika mimba? Na mlijifungua kwa kisu?