Gumzo la kikundi cha familia: maji ya injini yanapotelea wapi?

Kitinda: Shikamoo mjomba, shikamooni wakubwa wote. Gari limenishinda. Nimefungua manifoldi ya hewa (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini) tangu asubuhi, chini yake kumelowa kulanti tupu, yale maji ya kupoza injini. Nadhani nimepata panapovuja. [picha]

Mjomba: Marahaba mpwa wangu. Kabla ya kufungua ulimwaga kulanti yote?

Kitinda: Nilimwaga ya rejeta.

Mjomba: Basi hayo uliyopiga picha umeyaleta mwenyewe. Rejeta ikikauka, bloku, yaani mwili wa injini, bado lina maji yake. Ulipochomoa ile mipira miwili myembamba ya kwenye throtoli (mlango wa hewa), yalimwagikia hapo. Huko si kuvuja.

Shangazi: Mimi naona uchafu tu 😂

Dada: Kwani si wota pampu, ile ya kuzungusha kulanti, ilibadilishwa juzi juzi?

Kitinda: Ilibadilishwa, nikaambiwa kazi imeisha. Wiki mbili baadaye chupa ya akiba tupu. Na chini ya gari hakuna hata tone!

Mjomba: Tone huwezi kuliona. Likivuja kidogo kidogo juu ya chuma cha moto linageuka mvuke kabla halijafika chini. Linachoacha ni rangi yake. Tafuta utando mkavu, mweupe au wa rangi ya kulanti, kama chumvi iliyokaukia. Ukiupata ufuate kwenda JUU. Maji hushuka, kwa hiyo sehemu ya chini iliyolowa haikuambii kitu.

Babu: Pasua yai bichi ndani ya rejeta. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo na tunafika.

Mjomba: Shikamoo mzee. Kufika mlifika, ila yai halichagui tundu. Linaziba na vijia vya rejeta na vya hita.

Babu: Marahaba. Haya, nyinyi wa kisasa.

Mjomba: Kitinda, usirudishe manifoldi! Ukishaifunga, ukuta wote wa nyuma yake hauonekani tena, na leo ndiyo nafasi yako. Una bahati manifoldi yako ni ya hewa tupu. Kuna injini, hasa za V, ambazo maji yanapita humo humo, ukiitoa umeacha mlango wazi na huwezi kupima presha.

Kitinda: Kwa hiyo nipime hivi hivi ikiwa wazi?

Mjomba: Ndiyo. Kwanza ziba matundu ya hewa ya silinda hedi (kichwa cha injini) kwa vitambaa safi, na uvihesabu. Kimoja kikisahaulika ndani utakuja kunililia. Ile mipira miwili iunganishe kwa kipande cha bomba, uikaze kwa klempu. Kausha kila kitu, puliza hewa kwenye kona zote, halafu jaza maji. Ukianza na injini iliyolowa utaona uvujaji kila mahali.

Mjomba: Kisha funga ile pampu ya mkono yenye geji mahali pa kifuniko cha rejeta. Kifuniko kimeandikwa ngapi?

Kitinda: Baa 1.1

Mjomba: Hiyo ni kama 16 kwenye geji ya psi. Usivuke hapo, utapasua rejeta nzima bure. Na usiunganishe kompresa moja kwa moja. Injini imepoa?

Kitinda: Haijawaka tangu jana.

Mjomba: Safi. Pampu, subiri robo saa, angalia mshale.

Shangazi: Na hiyo beseni yenye maji ya kijani uliyoiacha hapo chini iondoe. Paka ameanza kuizunguka.

Mjomba: Iondoe SASA HIVI. Kulanti ni tamu, mnyama anailamba, na ni sumu ya kuua. Hata kwa mtoto.

Kitinda: Nimeifunika nimeiweka juu ya kabati.

_Saa tisa alasiri_

Kitinda: Mshale umetoka 16 umefika 13. Lakini sioni maji popote. Wota pampu kavu, mipira mikavu.

Dada: Labda gasketi ya silinda hedi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku? Nasikia hiyo ndiyo ya kuogopwa.

Mjomba: Swali zuri. Chomoa plagi zote, mulika ndani ya kila silinda. Pistoni ikiwa imelowa, tuna msiba. Vuta na kijiti cha oili, uone kama oili imechanganyika na maji ikawa kama maziwa.

Kitinda: Zote kavu. Oili nyeusi ya kawaida.

Mjomba: Alhamdulillah. Pampu tena ifike 16, chukua karatasi laini nyeupe, pitisha nyuma ya kila kiungo usichokiona. Tumia kioo kidogo na tochi. Usiamini kidole, kidole chako kimelowa tangu asubuhi.

Kitinda: MJOMBA 😳

Kitinda: Kwenye bloku, nyuma kabisa karibu na giaboksi, pale manifoldi ilipokuwa inapaficha. Kuna kitu cha duara kama kisoda kikubwa kimepigiliwa ndani. Katikati kina kipele cha kutu, na kipele kinatoa jasho. Karatasi imelowa mara tatu mfululizo. [picha]

Mjomba: Ndicho hicho. Hicho ni kizibo cha bloku, cha bati. Wota pampu ya watu ilionewa. Toboa upande mmoja, kigeuze, ukivute na koleo. Usikisukumie ndani. Sugua kiti chake kiwe laini, paka gundi kidogo, pigilia kipya cha kipenyo kile kile, na soketi inayokaa ndani yake ndiyo iwe ya kugongea. Wenzake walio hapo karibu nao ubadilishe wote, umri wao ni mmoja.

Kitinda: Lakini kimeoza kutokea ndani. Mimi naweka kulanti tu, si maji matupu!

Mjomba: Wewe unaweka. Bati kama hilo haliliwi na kutu likaisha kwa mwaka mmoja tu. Gari hili lilikuwa la nani kabla yako?

Dada: 👀

Babu: Maji ya bomba yalikuwa masafi kabisa.