Ekseli iliyotumika haina kibao: nitajuaje kama inalingana na yangu?

Mwenye Lori, Mikindani

Assalamu alaikum ndugu zangu. Nina kichwa cha trela chenye ekseli 3, na mbili za nyuma ndizo zinazovuta. Wiki iliyopita, tukipanda Mazeras na kontena la futi 40 tulilopakia Kilindini, difu ya ekseli ya mwisho, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu yake, ilianza kulia kama kinu kinachosaga kokoto, kisha gari likasimama. Fundi alipofungua alikuta meno 3 ya krauni, ile gia kubwa ya difu, yamekatika. Nimehesabu mwenyewe, nayo ni meno 37 ya krauni kwa 10 ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha krauni, yaani uwiano wa 3.70.

Muuzaji mmoja wa Changamwe ana ekseli nzima iliyoshushwa kutoka Uingereza. Imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, haina kibao cha namba, na yeye anaapa kwamba ni ile ile. Hataki ifunguliwe kabla sijalipa. Je, kuna njia ya kuitambua bila kuifungua, na nitazame nini nisije nikanunua mzigo wa chuma?

Fundi wa Jomvu

Wa alaikum salaam. Pole kwa hasara, bwana. Uwiano unaweza kuupata bila kufungua nati hata moja. Iinueni ekseli juu ya magogo, zuieni habu (kitovu cha gurudumu) ya upande mmoja kwa ubao isizunguke kabisa, kisha pigeni alama ya chaki kwenye habu ya upande wa pili na kwenye flanji ya pinioni, pale propela, shafti inayoleta nguvu ya injini, inapofungwa. Zungusheni hiyo habu iliyo huru mara 20 huku mwenzako akihesabu mizunguko ya flanji. Kwa kuwa upande mmoja umezuiwa, difu itagawa mwendo nusu kwa nusu, kwa hiyo mizunguko 20 ya habu ni mizunguko 10 ya krauni. Ikiwa ni 37 kwa 10, flanji itazunguka mara 37 kamili na alama ya chaki itarudi palepale ilipoanzia. Ikiwa ni 41 kwa 11, ambayo wauzaji wengi huiita "karibu sawa", alama itapita kwa zaidi ya robo ya mzunguko.

Nasisitiza hilo la "karibu sawa" kwa sababu gari lako lina difu mbili zinazofanya kazi pamoja. Tofauti ya 3.70 na 3.73 yaonekana ndogo, lakini kwa tairi linalosogea takribani mita 3.25 kwa mzunguko, kila kilomita 100 difu moja itadai mizunguko zaidi ya 800 kuliko nyenzake. Difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya ekseli hizo mbili, itaibeba tofauti hiyo bila kupumzika, na siku dereva atakapoifunga ili atoke kwenye tope, tairi ndizo zitakazolazimika kuteleza.

Mkimaliza kuhesabu, mwombe muuzaji akubali kifungo cha chini cha oili kifunguliwe. Hilo haliharibu chochote, na anayelikataa ana lake. Unga laini wa rangi ya fedha kwenye sumaku ya kifungo hicho ni jambo la kawaida kwa difu iliyofanya kazi, lakini vipande vinavyokwaruza kidole ni meno au beringi. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji. Oili nyeusi inayonuka kuungua yaonyesha kwamba difu ilipata joto kupita kiasi. Ikiwa hamna oili kabisa na ndani kumeoshwa, jiulize aliyeosha alikuwa akificha nini.

Bi wa Spea, Shimanzi

Naongeza la upande wa karatasi na namba, kwa kuwa ndilo ninaloshinda nalo kaunta. Nambari kubwa zilizojitokeza kwenye chuma cha nyumba ya ekseli, lile ganda la nje, ni za kalibu ya kumimina chuma, na nyumba moja yaweza kutumika kwa difu za uwiano tofauti, hivyo muuzaji asikuonyeshe hizo kama ushahidi. Kibao chenye riveti ndicho huandikwa aina na namba ya ekseli, na mara nyingi uwiano pia. Hata hivyo, nimewahi kuletewa kibao kilichochakaa kikiwa kimeshikwa na riveti mpya zinazometa, kwa hiyo nami hutazama riveti kabla ya kusoma maandishi.

Mpelekee wakala wa spea za gari lako namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17, akutolee namba kamili ya ekseli iliyotoka kiwandani. Linganisha pia breki, kama ni za diski au za dramu, meno ya pete ya sensa ya ABS (mfumo unaozuia tairi zisikwame wakati wa breki), na mahali springi au mifuko ya hewa inapokaa. Hayo ndiyo huwarudisha wateja dukani kwangu wakiwa na hasira, ilhali uwiano walikuwa wameupatia.

Dereva Mstaafu wa Njia ya Malaba

Mimi naona mnamtuma kijana kununua ekseli nzima wakati nyumba yake ni nzima. Atafute difu pekee, abakishe nyumba, habu na breki zake alizokwisha kuzizoea. Na asishawishiwe kuchukua mbili za uwiano wa 2.85 eti zinapunguza mafuta. Kwa gia ya juu ya moja kwa moja, kilomita 80 kwa saa zitashuka kutoka mizunguko 1,500 hivi ya injini kwa dakika hadi 1,170, na safari ya tambarare ya Voi itakuwa tamu, lakini nguvu ya kuvuta hupungua kwa takribani asilimia 23, nami najua mzigo unavyohisiwa Timboroa. Isitoshe, kipima mwendo na kidhibiti mwendo vitahitaji kupimwa upya.

Fundi wa Jomvu

Mzee, nakubaliana nawe ikiwa nyumba ni nzima kweli. Meno yakikatika chini ya mzigo, nyumba nayo hupata mshtuko. Aisafishe, aipake mafuta ya taa, aipanguse ikauke, kisha aipake chaki, na ufa ukiwepo utachora mstari wa unyevu. Azitoe pia hafu shafti, zile zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye habu, na kutazama mistari ya meno ya mwisho. Ikiwa imejipinda kama kamba, shafti imeshachoka. Na akinunua difu, krauni na pinioni ziwe na namba moja ya pacha, kwa maana zilisagwa pamoja. Plei, yaani uwazi kati ya meno yake, ipimwe kwa geji, na kipimo cha kufuata ni kile cha mtengenezaji.

Mwenye Lori, Mikindani

Nashukuru sana. Leo asubuhi tulikwenda na chaki. Flanji ilizunguka mara 37 na alama ikapita kwa upana wa vidole vinne. Tulirudia mara mbili, mbele ya muuzaji, naye akasema chaki yetu ni mbaya. Sikulipa. Alasiri tumeipaka chaki nyumba ya ekseli yangu na haijaonyesha mstari wowote, kwa hiyo sasa natafuta difu pekee ya 37 kwa 10. Aliye nayo na aniandikie hapa, akiniwekea picha ya namba za krauni na pinioni.