Mtu wa kimya naenda Mykonos, nitapona? Naombeni ushauri

Kimya Kingi:
Habari zenu wadau. Mimi ni nesi, naishi Hamburg mwaka wa sita huu. Wenzangu watatu wa wodini wamepanga likizo ya siku tano Mykonos, kisiwa cha Ugiriki, mwezi wa nane, na mmoja anatimiza miaka 40 tukiwa huko. Kukataa siwezi, tumetoka mbali. Shida ni mimi. Sinywi, saa nne usiku nimeshalala, na muziki wa kutetemesha kifua unaniletea kipandauso. Video wanazonitumia ni za watu wanaocheza juu ya meza mchana kweupe! Hoteli bado hatujashika, wao wanataka karibu na ufukwe wa Paradise, penye disko lenyewe. Kuna mtu wa aina yangu aliyewahi kufika? Viza si tatizo, kibali cha kuishi ninacho.

Mzee wa Ubuyu:
Dada, hutaki pilipili halafu unaenda kulala shambani kwake? Si uje zako Zanzibar upumzike.

Binti Shangani:
Zanzibar ipi, mkuu? Kendwa usiku wa mbalamwezi, na disko lile la ufukweni? 😂 Mwache dada asaidiwe.

Baharia wa Zamani:
Nimefanya kazi meli za kitalii misimu saba, Mykonos tulikuwa tunashusha abiria karibu kila wiki. Sikiliza, bibie. Kisiwa kile kina zamu, kama wodini kwenu. Walevi wanalala alfajiri. Ukiingia mjini, Chora, saa kumi na mbili asubuhi kwa saa zetu, unakuta wafagiaji, paka, na ndege aina ya mwari wanaozurura bandarini kama wenye mji. Vichochoro vyeupe vile, ukizoea Mji Mkongwe au Lamu hutashangaa, ila utapotea vilevile. Kanisa la Paraportiani na vinu vya upepo vitazame saa hizo. Ikifika saa nne asubuhi meli zimeshatema watu, ondoka.

Panda boti bandari ya zamani uende Delos, nusu saa tu. Hapo ndipo Wagiriki wa kale walisema mungu wao Apollo alizaliwa. Kisiwa kizima ni magofu, hakuna hoteli, hakuna baa, na kulala hairuhusiwi, boti zinarudisha kila mtu. Kivuli hakuna kabisa, beba maji na kofia. Halafu hii ni yako wewe nesi: mwaka 426 KK Waathene walifukua makaburi yote ya pale, wakapiga marufuku mtu kuzaliwa au kufia kisiwani. Mjamzito na mgonjwa mahututi walivushwa kisiwa cha jirani. Yaani ungekosa kazi.

Angalizo: upepo. Wanauita meltemi, ndiyo kaskazi lao, ila lao linavuma kiangazi, Julai na Agosti hasa. Anga safi, bahari imechafuka. Siku likikaza, boti za Delos haziendi. Kwa hiyo usiiweke siku ya mwisho.

Mama Tausi:
Baharia kamaliza mambo ya mjini. Mimi nilikwenda na mume wangu, wote hatuchezi hata taarabu. Kosa letu lilikuwa chumba. Tulichukua cha bei nafuu karibu na mjini, kumbe chini ni baa. Usiku wa kwanza nilihesabu ngoma hadi adhana ya alfajiri kwenye simu. Tukahamia Ano Mera, kijiji cha katikati ya kisiwa. Pana uwanja wenye migahawa, wazee wanakunywa kahawa, na monasteri ya Tourliani iliyoanzishwa 1542 (jifunike mabega ukiingia). Basi la kwenda mjini lipo.

Fukwe: Agios Sostis, kaskazini, haina viti vya kukodi wala muziki, unakwenda na mwavuli wako. Lakini upepo ukivuma kaskazini kote ni mchanga machoni. Siku hiyo nenda Lia, kusini mashariki, imejikinga. Na popote pale ufukweni uliza bei KABLA hujakaa. Sitaji mahali, ila kuna saladi mbili na maji zilitugharimu kama kitoweo cha mwezi.

Mzee wa Ubuyu:
Haya, nimekubali. Ila kwa nini asilale Tinos? Naona kwenye ramani ni jirani kabisa.

Mama Tausi:
Ni jirani kweli, feri haifiki saa moja. Kule ni kisiwa cha hija. Ila tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Bikira Maria, mahujaji wanajaa, wengine wanapanda kwa magoti kutoka bandarini hadi kanisani. Ukiwa na moyo nenda ukaone, ila chumba siku hizo usitarajie.

Baharia wa Zamani:
Kama mwenye birthday anaweza kusogeza, mwishoni mwa Septemba ni bora. Bahari bado ya moto, upepo umepungua, watu nusu.

Kimya Kingi:
Wakuu, nashukuru sana. Kusogeza mwenyewe amekataa, birthday ni birthday. Lakini nimewaonyesha uzi huu, tumekubaliana nyumba Ano Mera, teksi ya usiku watalipa wao. Jioni ya sherehe nitakaa nao hadi keki ikatwe. Delos ni siku ya pili. Na mmoja, yule mwenye kelele kuliko wote, kaniambia chemba kwamba asubuhi ya Chora nimwamshe.

Binti Shangani:
Utamwamsha au utakutana naye mlangoni ndiyo anaingia? 😂