Ni nini kilichoamua mahali pa miji midogo ya Marsabit?

Msoma Ramani:
Habari zenu wanajukwaa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785 katika Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ambayo eneo lake ni takribani kilomita za mraba 70,000, yaani watu 6 au 7 tu kwa kila kilomita ya mraba. Hata hivyo, nikiitazama ramani, sioni mpango wowote katika mahali ilipo miji yake. Kwa nini North Horr iwe pale, na Korr iwe kule?

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu, anza na maji. Kaunti hiyo haina mto wa kudumu, kwa hiyo North Horr na Kalacha zimekaa pembeni mwa jangwa la Chalbi palipo na chemchemi, na Loiyangalani nayo ina chemchemi yake, ingawa Ziwa Turkana liko hapo hapo, kwa kuwa maji ya ziwa yana magadi. Mji wa Marsabit uko mlimani, ambako msitu hunasa ukungu.

Korr na Kargi zina habari nyingine. Warendille walihamahama na ngamia wao hadi ukame wa miaka ya 1970 ulipowaangamizia mifugo, ndipo wengi wakakaa karibu na misheni na visima, mahali palipogawiwa chakula, wasiondoke tena. Malisho ya karibu yalichakaa upesi. Ndiyo maana vijana hupeleka mifugo mbali, kwenye kambi ziitwazo fora, huku wazee na watoto wakibaki mjini.

Msafiri wa Kaskazini:
Naongeza barabara. Kabla ya lami, safari ya lori kutoka Isiolo hadi Moyale, takribani kilomita 500, ilikuwa ya siku kadhaa, abiria wakiwa juu ya mizigo. Sasa ni ya siku moja. Laisamis na Turbi zimenufaika kwa kuwa ziko njiani. North Horr bado hufikiwa kwa njia za mawe na mchanga.

Msoma Ramani:
Shikamoo, Mwalimu. Je, kisima kikichimbwa leo mahali pasipo na watu, mji utazuka?

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Mara nyingi huzuka, kwanza duka moja, kisha shule. Ndiyo sababu wazee hujadiliana sana kabla ya kukubali kisima katika malisho ya kiangazi: watu wakishahamia hapo, akiba ile ya nyasi haipo tena.